Usiku Unaanza Saa Ngapi

Ibara yasema nyumba ni patakatifu.
Mchana huingiwa kwa hati ya hakimu, tena iliyoandikwa.
Usiku haiingiwi, ila mwenyewe aridhie.
Maneno machache. Profesa Nélida Arróspide
ameyalalia na kuyaamkia miaka kumi na tisa
katika chumba cha ghorofani, Montevideo,
chenye jiko la kuni na paka asiyependa wanafunzi.

Mimi nilikuwa mtu wake wa tanbihi:
kupanga namba, kuhakiki kurasa,
kumchemshia maji ya majani machungu
na kuyaepua kabla hayajatokota.

Kesi yenyewe ndogo, haikupindua serikali.
Mji wa Durazno, mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio.
Waldemar Techera, mkata manyoya ya kondoo,
alificha mashine ya kuchapia karatasi za chama chao
chini ya kitanda cha binti yake.
Polisi sita wakaja na hati halali, muhuri umekolea,
saa kumi na mbili na dakika saba.

Kitabu kizima kimo ndani ya dakika hizo saba.

Wakili wa serikali alisimama na kalenda ya wanajimu:
jua limezama, naam, ila mwanga haujazama;
hiyo ni jioni, waheshimiwa,
na jioni ni mkia wa mchana.
Profesa akaandika pembeni, kwa penseli nyekundu:
mkia wa ng'ombe hufukuza nzi hata gizani.
Nikamuuliza hiyo niiweke katika tanbihi ipi.
Akasema, hiyo ni yangu mwenyewe.

Sura ya pili ni ya wanasheria wa kale,
waliosema usiku huingia
pale usipotambua uso wa jirani kwa hatua kumi.
Sura ya tatu inauliza: na umeme je?
Mwenye taa mlangoni ana haki pungufu
kuliko mwenye kibatari?
Dola ikitaka kuingia, itasubiri giza,
au itakuja na kurunzi na kuiita mchana?

Sura ya nne hatukuitafuta maktabani.
Tulipanda basi hadi Durazno, tarehe ileile.
Mimi nikasimama langoni, kofia kichwani;
yeye kizingitini, saa mkononi.
Dakika ya tatu akasema: naiona pua yako.
Dakika ya tano: naiona kofia.
Dakika ya saba akasema: nani wewe?
Mpaka leo sijui
kama ule ulikuwa utafiti.

Nyuma yake alisimama Orfilia, mjane sasa, akifuta mikono.
Serikali ilidai kwamba alifungua mwenyewe,
na kufungua ni kuridhia.
"Nilifungua," akasema, "kwa sababu walikuwa wanaupiga mateke,
na mlango ulikuwa mpya, bado tunaulipia."
Profesa aliyaandika neno kwa neno.
Ndiyo tanbihi ya mia moja na kumi na mbili.
Majaji watatu hawakuigusa.
Wawili waliinukuu, wakashindwa.

Basi katika nchi ile jioni ikabaki mchana, kwa kura moja.
Kitabu kilichapwa nakala mia tatu;
arubaini ziko chini ya meza yake, paka anazilalia.
Hakuwahi kunung'unika mbele yangu.
Alianza tu toleo la pili
na kunituma kutafuta kalenda za zamani,
nyakati za machweo, miji kumi na minane.

Jana, mvua ikinyesha, mlango ukagongwa.
Ni mwuza kuni; anamjua.
Hupiga hodi mara moja, kisha hurudi nyuma hatua mbili
na kungoja, kofia mkononi.
Profesa akaitazama saa ya ukutani,
akalitazama dirisha, kijivu kama majivu ya jana,
akanitazama mimi.
Nilitaka kuinuka. Akanizuia kwa penseli.
Alikuwa katikati ya sentensi,
akaimalizia, akarudi kuweka koma.
Nje, kuni zilikuwa zinalowa.